Kinu, Ndimu na Pilipili: Vyakula vya Thailandi Vinavyofaa Kuonjwa



Baadhi yenu mlituambia kwamba ukurasa huu wa jikoni unazunguka mahali pamoja: sombe, lengalenga, sambaza, maharagi, halafu sombe tena. Mna haki. Leo tunavuka bahari hadi Thailandi, nchi ya Asia ya kusini-mashariki ambayo sisi walimu tumezoea kuionyesha kwenye ramani kwa kijiti, kisha tunageuza ukurasa. Hatujakanyaga udongo wake. Tumesoma, tumeulizana, na vyakula viwili vitatu tumevijaribu kwenye makala yetu wenyewe. Tunawaletea vile tunavyoona vinafaa kujulikana na mama wa nyumba, na vile ambavyo mtu wa kwetu anaweza kuvionja bila kuuza mbuzi.

Tuanze na salamu. Mthai akikutana na jirani anaweza kumwuliza: "Kin khao rue yang?", yaani "Umekwisha kula wali?" Haulizi habari za wali peke yake. Katika lugha yao, "kula wali" ndiyo namna ya kusema "kula". Hili sisi hatuhitaji kufafanuliwa. Kwetu pia mtu anaweza kumaliza ndizi, viazi na mkate, kisha akasema tangu asubuhi hajala, kwa sababu hajaona bugali.

Sasa tuangalie meza yao. Kila mtu ana sahani yake ya wali, lakini vingine vyote vinawekwa katikati: supu, samaki, mboga, nyama ya mchuzi. Kila mmoja anachota kidogo, anakula, kisha anachota tena. Hakuna kitangulizi na hakuna kinachofuata. Vyote vinafika pamoja. Kijiko kinashikwa kwa mkono wa kulia, uma kwa mkono wa kushoto, na kazi ya uma ni kusukuma chakula kwenye kijiko. Vile vijiti tunavyoviona katika filamu wao wanavitumia zaidi kwa tambi.

Mama anayepika hutafuta vyakula vinavyosaidiana. Kimoja kikiwa kikali, kingine kitulize ulimi. Kimoja kikiwa kikavu, kingine kiwe na mchuzi. Na ndani ya chungu chenyewe anapima ladha nne: chumvi, uchachu, utamu na ukali wa pilipili, na mara nyingine uchungu wa jani fulani. Chumvi yao kubwa ni nam pla, maji ya samaki. Samaki wadogo wa baharini wanachanganywa na chumvi nyingi, wanaachwa ndani ya mitungi kwa miezi mingi, mara nyingi hata mwaka, na maji yanayotoka ndiyo yanayotiwa karibu katika kila chakula. Uchachu unatoka kwa ndimu au ukwaju, utamu kwa sukari ya mtende. Mpishi anaonja, anaongeza, anaonja tena. Ukifika kwa muuza tambi barabarani unakuta vyombo vidogo mezani: sukari, pilipili kavu, siki yenye pilipili, na nam pla. Mpishi hachukii ukiongeza, kwa maana ulimi ni wako.

Chakula cha kwanza tunachowashauri ni supu ya tom yum goong. Goong ni kamba, wale tunaowaita kosakosa. Supu hii inachemshwa na mchaichai, yale majani marefu ambayo wengi wetu tunayaita sitroneli na tunayatia katika chai. Wanaongeza vipande vya galanga, mzizi wa ukoo wa tangawizi, na majani ya mndimu wa kwao, pilipili na uyoga. Ndimu inakamuliwa mwishoni, chungu kikiwa kimeshatoka motoni, ili isilete uchungu. Mwaka 2024 UNESCO iliiandika supu hii katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu, orodha ileile ambayo rumba yetu ya Kongo iliingia mwaka 2021. Wao wanajivunia supu, sisi wimbo na mchezo. Mchaichai uko nyuma ya nyumba nyingi hapa, tangawizi iko sokoni, na asiye na kosakosa anaweza kutia vipande vya samaki wa ziwani au kuku. Hiyo haitakuwa tom yum ya Bangkok kabisa, lakini mwenye mafua ataishukuru.

Chakula cha pili kinatupeleka Isan, eneo la kaskazini-mashariki linalopakana na Laosi. Udongo wa huko ni wa mchanga, mvua si ya kutegemea, na kwa miaka mingi watu wake walihesabiwa kuwa maskini kuliko wengine wote nchini. Kwa lugha na desturi wengi wao ni ndugu wa Walao. Wali wao ni wa namna ya pekee, wali wa kunata. Unalowekwa usiku kucha, asubuhi unapikwa kwa mvuke ndani ya kikapu cha mwanzi chenye umbo la faneli, kisha unawekwa katika kikapu kidogo chenye kifuniko ili usikauke. Na unaliwaje? Unanawa mkono, unamega tonge, unalifinyanga kwa vidole, unalichovya. Tumewaona mnacheka. Ndiyo, ni namna ya bugali.

Kwa tonge hilo wanakula som tam. Som ni uchachu, tam ni kutwanga. Papai bichi linakatwa nyuzinyuzi na kutwangwa polepole pamoja na kitunguu saumu, pilipili, nyanya, maharagi ya kijani, sukari ya mtende, ndimu na nam pla. Bangkok wanaongeza karanga na kamba wakavu. Isan wanatia pla ra, samaki wa maji baridi waliovundikwa kwa chumvi na unga wa mchele, wenye harufu ambayo mgeni huisikia kabla hajafika mlangoni. Kinu ni cha udongo na mchi ni wa mti, kwa sababu papai halitakiwi kusagika. Linapondwa kidogo tu, linyonye maji ya ndimu.

Hapa tunawaomba mtulie kidogo, kwa sababu habari za kinu hiki ndizo zilizotufanya tuandike. Ukame na umaskini ulipowasukuma watu wa Isan kwenda Bangkok, wanaume wakijenga nyumba za wengine na wanawake wakifua na kulea watoto wa wengine, watu wa mji waliwacheka kwa lafudhi yao na kwa harufu ya samaki wao. Chakula chao kilihesabiwa cha shamba. Wao hawakukiacha. Waliweka vinu vyao kando ya barabara, wakatwangiana wao kwa wao, na kidogo kidogo mwenye ofisi akaanza kusimama, akaonja, akarudi kesho yake. Leo som tam inauzwa katika kila mji wa Thailandi, na hoteli kubwa zinaiweka kwenye orodha zao. Sisi hapa, ambao tuna majirani wengi waliofika mjini na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, tunaielewa habari hii bila mkalimani.

Tena, papai na pilipili havikuzaliwa Thailandi. Asili yake ni Amerika. Meli za Wareno na Wahispania zilivisambaza kuanzia karne ya 16, na ndizo zilizoleta Afrika muhogo, mahindi na karanga. Kwa hiyo sombe yetu na som tam yao ni wageni wa safari moja. Mgeni akipikwa vizuri na mabibi zako, miaka inapita, anakuwa mwenyeji.

Som tam tuliijaribu siku moja ya mkutano wa kikundi, uani, katika kinu kilekile cha sombe. Namna tulivyofanya ni hii. Chukua papai moja bichi la kadiri, limenye, lioshe utomvu wake vizuri, likate nyuzi nyembamba. Twanga punje mbili za kitunguu saumu na pilipili moja au mbili. Ongeza kijiko cha sambaza kavu zilizokaangwa bila mafuta, maana nam pla hatuna. Tia maharagi ya kijani machache na nyanya ndogo nne, uponde kidogo tu. Tia papai, kijiko kidogo cha sukari, maji ya ndimu mbili na chumvi. Geuza kwa kijiko huku ukiponda taratibu. Mwisho nyunyizia kiganja cha karanga zilizokaangwa. Inaliwa palepale. Mwenye mimba aache papai bichi, kama wazee wetu wanavyoshauri. Tango linaweza kushika nafasi yake. Mama mmoja wetu alisema mbele ya wote kwamba kwao papai bichi ni la nguruwe. Akapewa sahani. Alikula, akanyamaza, akafuta sahani kwa kidole, kisha akasema: "Hii inataka bugali." Bugali ikapikwa.

Pamoja na som tam, Isan wanakula kuku wa kuchoma na larb. Larb ni nyama iliyokatwakatwa ndogo sana, ikapikwa kidogo, ikachanganywa na ndimu, nam pla, pilipili kavu, vitunguu vidogo vyekundu na mnanaa. Siri yake ni unga wa mchele. Mchele mbichi unakaangwa kwenye sufuria kavu mpaka uwe rangi ya kahawia, kisha unatwangwa. Vijiko viwili vya unga huo vinaipa nyama harufu ya moshi na kuifanya ishikane. Hili jaribuni hata kwa nyama ya mbuzi. Ila neno moja la mwalimu: kuna watu wa Isan wanaokula samaki wa mtoni mbichi, na ndani ya samaki hao wamo wadudu wanaoingia kwenye ini la mtu na mwishoni kuleta kansa. Wauguzi wa kwao wamefundisha miaka mingi kwamba samaki apikwe. Tufuate wauguzi.

Tambi za pad thai ndizo zinazojulikana zaidi nje ya Thailandi, na watu wengi wanadhani ni za kale sana. Sivyo. Kukaanga tambi kulifika na Wachina. Mwaka 1938 Plaek Phibunsongkhram akawa waziri mkuu. Mwaka 1939 jina la nchi likabadilishwa kutoka Siam kuwa Thailandi. Na wakati wa vita ya pili ya dunia serikali yake iliwahimiza watu kula tambi na kuziuza barabarani. Ilitoa amri hata juu ya mavazi na kofia. Wazee wetu walioona mwaka 1971, Kongo ilipoitwa Zaire, kisha abakosti ikachukua nafasi ya tai, wanajua mambo hayo: mtawala akitaka kutengeneza taifa jipya, anaanza na jina, kisha anafungua sanduku la nguo. Huko alifika hadi kwenye kikaango. Amri nyingi zimesahauliwa, tambi zimebaki, kwa sababu zilikuwa tamu. Ni tambi za mchele zinazokaangwa na yai, tofu, kamba wakavu na chipukizi za choroko. Zinakolezwa kwa ukwaju, sukari na nam pla, na karanga zilizopondwa zinawekwa juu. Wenye kutengeneza tofu ya soya kwa ajili ya watoto wenye utapiamlo, hapa mna njia nyingine ya kuila.

Wenye kupenda mchuzi mzito watafute massaman. Michuzi mingi ya Thailandi inaanza kwenye kinu: pilipili, vitunguu, mchaichai, galanga na kamba waliovundikwa vinatwangwa mpaka viwe uji mzito, kisha vinakaangwa katika tui la nazi. Massaman inaongeza mdalasini, iliki na karafuu, viungo vya wafanyabiashara Waislamu waliofika kwa meli, na inasemekana jina lenyewe linatokana na neno la kale la kuwaita Waislamu. Ndani yake mna nyama ya ng'ombe au kuku, viazi vya Ulaya na karanga. Si kali sana, hata watoto wanaweza kuila. Nazi kwetu ni ya shida na bei yake inauma. Basi tuiweke kwa sikukuu.

Kuna chakula kimoja kisichosifiwa sana na watalii, nacho kinatuhusu zaidi sisi. Kinaitwa kaeng liang. Ni supu nyepesi ya mboga: boga, mung'unya, mahindi machanga, majani ya aina ya mrehani, pilipili manga na kamba wakavu waliotwangwa. Mama aliyejifungua anapikiwa supu hiyo na mama yake au mkwe wake, kwa kuwa wazee wanaamini inaleta maziwa. Sisi tunajua uji wa aina hiyo, na tunajua mikono inayouleta saa kumi na mbili asubuhi bila kuitwa. Kwa mgonjwa na mtoto, asubuhi, kuna jok, uji wa mchele uliochemka mpaka ukavunjika, wenye tangawizi na yai. Mwenye mchele nusu kilo analisha nyumba nzima.

Sasa vitamu. Wali wa kunata unaochanganywa na tui la nazi, sukari na chumvi kidogo, ukaliwa na embe lililoiva, ndio khao niao mamuang. Chumvi ndiyo inayotoa utamu wa embe. Kuna pia foi thong, nyuzi za dhahabu, zinazotengenezwa kwa viini vya mayai vinavyomiminwa katika sukari inayochemka. Vinawekwa mezani siku za harusi. Vitamu hivyo vya mayai husimuliwa kuwa vililetwa na mwanamke mmoja, Maria Guyomar de Pinha, mwenye damu ya Kijapani na ya Kireno, aliyezaliwa Ayutthaya, mji mkuu wa zamani. Mume wake, Mgiriki aliyekuwa waziri wa mfalme, aliuawa mwaka 1688. Mjane alipoteza nyumba, mali na uhuru wake, akatumwa kazi katika jikoni la mfalme. Maarusi wanaokula nyuzi zile leo wanakula kazi ya mjane yule.

Na mwanamke wa siku zetu ni Supinya Junsuta, ambaye Bangkok nzima inamwita Jay Fai. Ni bibi aliyepita miaka sabini. Amejulikana kwa kupika mwenyewe mbele ya wateja, juu ya makala, akiwa amevaa miwani mikubwa ya kujikinga na mafuta yanayoruka. Chakula chake maarufu ni kimanda cha mayai kilichojaa nyama ya kaa. Mwezi wa Desemba 2017, kitabu cha Michelin, ambacho wapishi wa Ulaya wanakiogopa kama mtihani wa serikali, kilipotoka kwa mara ya kwanza kwa ajili ya Bangkok, kilimpa nyota moja.

Tunamtaja kwa sababu ya binti mmoja wa darasa letu la sita. Mama yake anauza mikate ya mafuta na maharagi kwenye kona, na kwa mikate hiyo analipa masomo ya watoto wanne. Binti akitoka shuleni anapita njia ya nyuma, wenzake wasimwone akisalimia pale. Hatukumkaripia. Tulifundisha somo la jiografia juu ya Thailandi, tukaeleza habari za Jay Fai na za vinu vya Isan, tukauliza darasa ni nani anajua mtu anayepika juu ya makala kando ya barabara. Mikono mingi iliinuka. Mkono wake ulikuwa wa mwisho, na haukuinuka sana, ulifika usawa wa sikio. Tukaendelea na somo. Hatujui kesho atapita njia gani. Miaka kumi na moja ni miaka migumu. Lakini mama yake anastahili kusikia kwamba kazi yake ina dada zake upande wa pili wa dunia, na kwamba huko hakuna anayeona haya kula kwao.

Basi wapendwa, jaribuni kimoja tu juma hili. Mwenye papai bichi atwange, mwenye mchele akaange unga wa larb, mwenye jirani aliyejifungua ampelekee supu ya boga. Siku ya mkutano mtuambie nini kilikubaliwa nyumbani na nini kilirudishwa jikoni. Atakayepata njia nzuri ya kutumia sambaza mahali pa nam pla aje na kisahani, tutaonja wote na tutaandika hapa namna alivyofanya.

Mbaki na amani, na mle vizuri.